Roshani ya kulia au ya kushoto? Namna ya kuchagua upande wa chumba kwenye meli ya kitalii

Kila anayetafuta chumba cha meli kwa mara ya kwanza huuliza hivi: "Nichukue upande gani?" Bei ya pande mbili kwa kawaida ni ile ile, na chumba ni kile kile kilichogeuzwa tu. Ndiyo maana wakala wengi hubonyeza chochote kilicho wazi na kuendelea. Nakusihi usikubali. Roshani ndiyo inayofanya tiketi yako iwe ghali kuliko ya mwenye chumba cha ndani, na ukikosea upande unaweza kukaa ukitazama maji matupu huku milima ikipita mgongoni kwako.

Jibu moja la kufaa meli zote halipo. Lipo jibu la safari yako, na unalipata kwa kujiuliza hivi: saa ambazo kuna mwanga, meli inatembea na mimi nimo ndani, nchi kavu itakuwa upande gani? Hatua zote zilizo hapa chini zinajibu vipande vya swali hilo. Mfano wangu mkubwa ni Alaska, kwa sababu huko upande una uzito kweli, na kwa ndugu walioko Marekani na Kanada bandari za kuanzia, Seattle na Vancouver, hazina safari ndefu ya ndege.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Ratiba kamili yenye saa za kufika na kuondoka kila bandari. Orodha ya majina ya bandari peke yake haitoshi.
- Ramani ya sitaha, yaani ghorofa, za meli hiyo hiyo unayopanda. Meli mbili zilizojengwa kwa mfano mmoja bado hutofautiana vyumba.
- Ramani ya dunia ya kwenye simu.
- Tovuti ya kufuatilia meli, kama MarineTraffic au VesselFinder.
- Karatasi na kalamu. Usifanye kichwani, utachanganya.

Hatua ya 1: Ijue kulia na kushoto ya meli

Simama ukitazama omo, yaani mbele ya meli. Mkono wako wa kulia ndio kulia kwa meli, na haubadiliki hata ukigeuka kutazama tezi, yaani nyuma ya meli. Wafanyakazi wa meli watakuambia port wakimaanisha kushoto na starboard wakimaanisha kulia, na ramani nyingi zimeandikwa hivyo, kwa hiyo yashike maneno hayo mawili. Usiku taa ya ubavuni ya kushoto ni nyekundu, ya kulia ni ya kijani.

Ukiwa ndani ya korido ndefu isiyo na dirisha utapotea, kila mtu hupotea siku ya kwanza. Baadhi ya meli huchora samaki kwenye zulia wote wakiogelea kuelekea omo. Nyingine huweka alama ukutani. Zitafute mapema.

Hatua ya 2: Futa saa za usiku

Chukua ratiba, andika kila kipande cha safari kwenye mstari wake: imetoka wapi, saa ngapi, inafika wapi, saa ngapi. Ratiba hutumia saa 24, hivyo 16:00 ni saa kumi alasiri na 07:00 ni saa moja asubuhi. Sasa piga mstari juu ya kila kipande ambacho meli itakipita gizani.

Utashangaa kinachobaki. Bahari ya Kati, kwa mfano, meli nyingi hutembea usiku kucha na kufunga gati asubuhi. Safari ya siku saba inaweza kukuachia saa chache tu za maana, zile za kuingia na kutoka bandarini. Alaska mambo ni kinyume. Juneau mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na baada ya hapo anga hubaki na mwanga kwa muda mrefu. Huko unafuta vipande vichache sana, na ndiyo maana upande una thamani zaidi.

Onyo: usihesabu siku za kukaa bandarini. Meli ikiwa imefunga gati wewe uko mjini. Watu hupoteza muda mwingi wakitaka kujua gati litakuwa upande gani, ilhali nahodha na rubani wa bandari huamua kwa kutazama upepo, mkondo na nafasi iliyopo siku hiyo. Meli hiyo hiyo kwenye gati lile lile inaweza kulala ubavu wa kulia wiki hii na wa kushoto wiki ijayo.

Hatua ya 3: Tazama nchi kavu iko wapi kwenye vipande vilivyobaki

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Kwanza jibu: safari yako ni ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi pale pale?

*Safari ya kwenda tu.* Hapa upande ni jambo la kweli. Chukua safari ya Vancouver hadi Whittier au Seward, kusini ya kati mwa Alaska. Meli ikitoka Vancouver inaelekea magharibi kupita chini ya daraja la Lions Gate, bustani ya Stanley Park ikiwa kushoto na milima ya North Vancouver kulia. Kisha inapanda kaskazini kati ya kisiwa cha Vancouver, kilicho kushoto, na bara, lililo kulia. Huku ndani ya njia ya visiwa pande zote mbili zina misitu na milima, hivyo siku za mwanzo hutajuta popote ulipo.

Tofauti inaanza meli inapotoka kwenye visiwa na kuingia ghuba ya Alaska. Kushoto ni bahari kuu. Kulia, hali ya hewa ikiwa safi, unasimama mlolongo wa milima ya Fairweather, ambao mlima wake mkuu una mita 4,671 na uko karibu kabisa na bahari. Jioni kama hiyo mwenye roshani ya kulia hahitaji kuvaa viatu. Wa kushoto anapanda sitaha ya juu, akibahatika kusikia tangazo. Kwa hiyo kwenda kaskazini, chukua kulia. Kushuka kutoka Seward au Whittier kuja Vancouver, chukua kushoto.

*Safari ya kwenda na kurudi.* Safari nyingi za Seattle ni za aina hii. Unachokikosa ukienda, mara nyingi unakipata ukirudi, ila angalia mambo mawili. Kwanza, je, njia ya kurudi ni ile ile? Meli za Seattle nyingi hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari kuu, badala ya kupita ndani. Pili, je, kipande kizuri kinapitwa mchana wakati wa kwenda au wa kurudi? Ukijua hilo, chagua upande unaofaa wakati huo wa mchana, usijali mwingine.

Njia ya pwani ya Norway kati ya Bergen na Kirkenes, ambayo huduma yake ilianza 1893, inaonyesha vizuri jambo hili: sehemu nyingi zinazopitwa usiku wakati wa kupanda kaskazini hupitwa mchana wakati wa kushuka. Anayefanya safari nzima asisumbuke na upande. Anayepanda tu kwenda Kirkenes, bara liko kulia kwake, lakini kushoto nako kuna visiwa kwa masafa marefu, na jua la jioni.

*Fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) na barafuto (mito ya barafu).* Hapa ndipo wanaoanza huhangaika bila sababu. Meli ikiingia kwenye ghuba isiyo na njia ya kutokea upande wa pili, lazima igeuke irudi ilikotoka. Glacier Bay ya Alaska inaruhusu meli kubwa za kitalii mbili tu kwa siku, askari wa hifadhi hupanda melini kueleza mambo, na nahodha akifika mbele ya barafuto ya Margerie huigeuza meli taratibu ili pande zote zione. Kwenye barafuto ya Hubbard, Alaska, nako hufanywa hivyo hivyo. Geirangerfjord ya Norway, maporomoko ya Dada Saba yako kushoto ukiingia na kulia ukitoka. College Fjord karibu na Whittier, barafuto nyingi zimepangana ukingo wa magharibi: kushoto ukiingia, kulia ukitoka. Kwa maeneo haya usichague upande kabisa. Wapi utakuwa umesimama meli inapogeuka ndilo la kufikiria, na jibu zuri ni kuanza sitaha ya wazi ya mbele, kisha kurudi roshani yako ubavu wako ukifika mbele ya barafu.

Mfereji wa Suez, wenye kilomita 193, hauna kugeuka. Ukishuka kutoka Port Said kwenda Suez, kulia ni mashamba, mitende na mji wa Ismailia. Kushoto ni Sinai, mchanga na anga. Wapo wanaopenda jangwa, nami ni mmoja wao, lakini mwenye kutaka kuona watu na miji achukue kulia.

Hatua ya 4: Usidharau kuingia na kutoka bandarini

Kama Hatua ya 2 imefuta karibu kila kitu, hii ndiyo itakayoamua. Fungua ramani ya simu, weka kidole kwenye gati, fuata njia hadi bahari wazi, na uandike kilicho kulia na kushoto.

New York ukitoka kwenye gati za Manhattan, meli inashuka mto Hudson kuelekea kusini. Majengo marefu yako kushoto, Sanamu ya Uhuru iko kulia. Uchague moja. Lisbon unaingia mto Tagus kwa kuelekea mashariki, mji wote na mnara wa Belém viko kushoto, na ukitoka viko kulia. Miami unatoka kuelekea mashariki: fukwe na hoteli za South Beach ziko kushoto.

Kwetu pia meli hizi huja. Ukiingia Kilindini kutoka baharini, kisiwa cha Mombasa na ufuo wa Mama Ngina viko kulia, Likoni iko kushoto, na feri zinakatiza kati. Mlango ule ni mwembamba kiasi kwamba watu wa ufuoni unawaona wakikupungia. Lakini anayetegemea kuona Fort Jesus kutoka roshani atasubiri sana, kwa kuwa ngome iko upande wa pili wa kisiwa, kwenye bandari ya kale. Zanzibar, ukishuka kutoka kaskazini, Unguja nzima iko kushoto.

Ili kuhakikisha, ingia kwenye tovuti ya kufuatilia meli, tafuta meli yako au nyingine inayofanya ratiba ile ile, na utazame mstari wa njia iliyopita. Ramani ya matangazo kwenye kijitabu cha kampuni huchorwa kwa uzuri wa karatasi, mstari wake haufuati njia ya kweli.

Hatua ya 5: Pima jua na upepo

Nchi kavu ikishindwa kuamua, jua huamua. Kaskazini ya dunia, yaani Ulaya, Marekani na Kanada, jua la mchana liko kusini. Hivyo:

- Meli ikielekea magharibi, jua linakaa kushoto sehemu kubwa ya mchana.
- Ikielekea mashariki, linakaa kulia.
- Ikielekea kaskazini, asubuhi jua liko kulia, jioni kushoto.
- Ikielekea kusini, asubuhi liko kushoto, jioni kulia.

Mistari miwili ya kwanza hugeuka ukiwa kusini kabisa mwa dunia, kama Cape Town au Sydney. Pwani ya Afrika Mashariki jua la adhuhuri liko karibu utosini, hivyo yatazame yale ya asubuhi na jioni tu. Kwenye nchi za baridi utalitaka jua. Karibea utalikimbia, maana roshani iliyopigwa jua tangu saa nne asubuhi haikaliki.

Upepo una mambo mawili. Meli yenyewe ikienda noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) hutengeneza upepo wa kilomita 37 kwa saa kutoka omo, na huo unazipata pande zote sawa. Juu yake kuna upepo wa asili. Kutoka Mombasa kwenda Zanzibar, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, maana yake upande wa kushoto, unaotazama mashariki, ndio unaopigwa misimu yote miwili. Kulia kumetulia na kuna machweo. Mtu mwenye mtoto mdogo au anayependa kusoma kitabu roshani kwake na achukue kulia.

Hatua ya 6: Soma ramani ya sitaha bila kugeuza pande

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi yote. Mtu amechagua kulia kwa usahihi, kisha anabonyeza chumba cha juu kwenye picha akidhani juu ni kulia, kumbe ni kushoto, au kinyume chake. Tafuta kwanza omo kwenye mchoro.

- Omo ikiwa juu ya ukurasa: kulia kwa karatasi ni kulia kwa meli.
- Omo ikiwa mkono wa kushoto wa ukurasa: safu ya juu ndiyo kulia kwa meli.
- Omo ikiwa mkono wa kulia wa ukurasa: safu ya juu ndiyo kushoto kwa meli.

Kwenye meli nyingi namba shufwa ziko ubavu mmoja na namba witiri ubavu mwingine. Ubavu upi, inategemea kampuni, hivyo usichukue kanuni ya meli uliyopanda zamani ukaipeleka kwenye nyingine.

Hatua ya 7: Angalia kilicho juu, chini na mbele ya roshani

Upande sahihi wenye mashua ya uokoaji mbele ya macho hauna faida. Vyumba vya namna hiyo huandikwa kwamba mandhari yamezibwa na bei hupungua kidogo. Soma maandishi madogo. Tazama pia sitaha iliyo juu yako. Ikiwa ni ya bwawa la kuogelea au bafe, utasikia viti vikiburutwa tangu alfajiri. Sitaha bora ni ile yenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. Anayetapika baharini achukue katikati ya meli, sitaha za chini, hata kama upande si ule alioutaka, kwa sababu meli huyumba zaidi kwenye ncha zake na juu.

Onyo la pili: hakikisha roshani inatazama bahari. Oasis of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi 2009, na dada zake wana roshani zinazotazama ndani ya meli, juu ya bustani na njia ya kutembelea. Zina wapenzi wake, lakini milima huioni. Celebrity Edge ya 2018 ilileta vyumba ambavyo roshani yake ni kioo kikubwa kinachoshuka nusu. Kama unataka kutoka nje kweli, uliza kabla ya kulipa.

Vyumba vya tezi, vinavyotazama nyuma, vinaona pande zote mbili pamoja na mkia wa maji. Vikipatikana kwa bei unayoimudu, mjadala wa kulia na kushoto umekwisha.

Hatua ya 8: Kata chumba kwa namba

Kuna tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni inakuhakikishia daraja la chumba tu, namba itapangwa baadaye. Ukiichukua, upande si wako kuchagua, na hatua saba zilizopita zimekuwa bure. Ukiwa umeamua, mpe wakala namba kamili, na risiti ikifika ilinganishe na ramani ya sitaha siku hiyo hiyo.

Ukikwama

*Nimeshakata na nimegundua upande si wenyewe.* Piga simu mapema. Kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, kuhamia chumba cha daraja lile lile upande wa pili mara nyingi hakuna gharama, mradi kipo wazi. Uliza kwanza kama bei yako itabaki ile ile.

*Upande ninaoutaka umejaa.* Usishuke daraja wala usikubali chumba kilicho chini ya bwawa kwa ajili ya upande tu. Chukua chumba kizuri upande uliobaki, na usiku wa kwanza tembea utafute sitaha ya wazi iliyo karibu na mlango wako upande ule mwingine. Sitaha za wazi ni za wote.

*Tuko familia mbili.* Wengi hukata vyumba vilivyopakana. Kwa Alaska au Norway nashauri kimoja kulia na kimoja kushoto, mkabala kama inawezekana. Mtatembeleana mlango kwa mlango na hamtakosa kitu.

*Ratiba imebadilishwa.* Rudia Hatua ya 2 na ya 3 tu. Ikiwa safari imegeuzwa mwelekeo, upande wako mzuri nao umegeuka, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba kuhamishwa.

*Mlango wa roshani haufunguki au unajibamiza.* Ni upepo. Funga kwanza mlango wa korido, kisha fungua wa roshani taratibu, na watoto waweke vidole mbali na fremu. Usiuache wazi, kwenye meli nyingi kiyoyozi cha chumba huzimika.

*Wametangaza nyangumi na sijui nitazame wapi.* Wanyama hawachagui upande, lakini tangazo hutaja namba ya saa. Ni namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa ya ukutani: 12 ni omo, 3 ni kulia kabisa, 6 ni tezi, 9 ni kushoto kabisa. Usiigeuze kwa hesabu yetu ya saa. Wakitaja 3 wewe tazama kulia, na uwe umeshavaa koti, kwa sababu nyangumi hupumua mara chache kisha akazama kwa dakika kadhaa.